Slaidi zako zifunguke kwenye kompyuta ya ukumbini

Kompyuta itakayoonyesha slaidi zako mara nyingi si ile uliyozitengenezea. Ni ya ukumbi au ya ofisi ya wenyeji, imeunganishwa na projekta tangu asubuhi, na hujui ina PowerPoint ya mwaka gani. Pengine haina PowerPoint kabisa, ina WPS au LibreOffice. Basi kila unapohifadhi au kutuma faili, anza na swali hili: mashine nisiyoijua italifungua kama nilivyoliacha?

Tuanze na uzito, maana ndiko matatizo mengi yanakozaliwa. Faili la .pptx, lililoingia na Office 2007, kwa ndani ni zip: folda iliyobanwa. Unaweza kulichungulia. Tengeneza nakala, badili herufi za mwisho za jina lake kutoka .pptx kuwa .zip, lifungue, ingia folda ya ppt, halafu media. Kama Windows haikuonyeshi herufi hizo za mwisho, ziwashe kwenye View, Show, File name extensions. Ndani ya media utazikuta picha zako zote zimepangwa, image1, image2, image3, kila moja na uzito wake. Maandishi ya slaidi 30 kwa kawaida hayafiki hata MB 1. Mzigo wote uko hapo kwenye media.

Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, na uzito wake mara nyingi ni MB 3 hadi 5. Projekta ya Full HD huonyesha pikseli 1920 kwa 1080, yaani megapikseli 2 tu. Hata picha ikijaza slaidi nzima, pikseli tano katika kila sita ulizobeba hakuna anayeziona. Ukiipunguza picha kwa kuvuta kona, kwenye skrini inakuwa ndogo, ila ndani ya faili mara nyingi imebaki nzima vilevile. Na ile sehemu uliyoikata pembeni nayo bado imo.

Dawa yake ni ya dakika moja. Bofya picha yoyote, nenda Picture Format, bonyeza Compress Pictures. Toa tiki kwenye Apply only to this picture ili kazi ifanyike kwa picha zote, acha tiki kwenye Delete cropped areas of pictures, kisha chagua 150 ppi, yaani pikseli 150 kwa kila inchi. Kwa nini 150? Slaidi ya 16:9 ina upana wa inchi 13.33. Zidisha kwa 150, unapata pikseli 2000, zinazoitosha projekta ya 1920 na kubaki kidogo. Ukichagua 96 unapata pikseli 1280, na hapo ramani au picha ya jedwali lenye maandishi madogo huanza kufifia. 220 iache kwa slaidi utakazozichapisha. Fanya haya kwenye nakala, kwa sababu ukishahifadhi na kufunga faili, picha za mwanzo hazirudi.

Faida yake si kwako tu. Chukua faili la MB 80 ukalitupia kundi la WhatsApp lenye watu 30: wakilipakua wote, ni GB 2.4 zimetoka kwenye bando za watu. Likishushwa hadi MB 6, jumla inakuwa MB 180. Mimi nahesabu hiyo kuwa adabu.

Fonti ni ugomvi wa pili. Faili la slaidi kwa kawaida halibebi fonti, linabeba jina la fonti tu. Kompyuta ya ukumbini isipoikuta, inaweka nyingine, na kwa kuwa herufi zake zina upana tofauti, mistari inavunjika upya, kichwa cha habari cha mstari mmoja kinakuwa miwili, na maneno ya mwisho yanatoka nje ya slaidi. Siku hizi jambo hili linawapata hata watu ambao hawakugusa fonti yoyote. Tangu 2023 Microsoft 365 ilianza kuweka Aptos kama fonti ya kawaida badala ya Calibri, na PowerPoint 2016 iliyo kwenye kompyuta nyingi za ofisi haiji nayo.

Unaweza kuifunga fonti ndani ya faili: File, Options, Save, kisha weka tiki kwenye Embed fonts in the file. Chini yake kuna machaguo mawili. La kwanza hubeba herufi zilizotumika tu, nalo ni jepesi, ila mwenzako akitaka kurekebisha neno atakwama. La pili hubeba herufi zote, na ndilo la kumpa mtu mnayefanya naye kazi. Fonti nyingine zina leseni inayokataa kufungwa hivi, na programu nyingine hazijali fonti zilizofungwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa zamani: tumia Arial, Times New Roman au Calibri. LibreOffice isipokuwa na Arial huweka Liberation Sans, isipokuwa na Calibri huweka Carlito, na zote mbili zimechongwa kwa vipimo vilevile vya upana, hivyo mistari haihami.

Video nayo ina mitego yake. Unapoiingiza kutoka kwenye kompyuta, hakikisha hukuchagua Link to File. Ukichagua hiyo, faili linabeba anwani tu, kwa mfano C:\Users\...\Videos, na anwani hiyo haipo kwenye mashine nyingine. Utakachokiona ukumbini ni mstatili usiocheza. Ukiwa na video ya kuunganishwa hivyo tayari, fungua File, Info, utaona maneno ya Edit Links. Bonyeza, kisha Break Link ili ihamie ndani. Video ya YouTube iliyopachikwa haichezi bila intaneti, hilo halina mjadala. Za iPhone mara nyingi hurekodiwa kwa HEVC, namna ya kubana video ambayo Windows nyingi hazina kifaa cha kuisoma. Igeuze kwanza iwe MP4 ya H.264, namna inayosomeka na kompyuta nyingi, kwa programu ya HandBrake au VLC, ndipo uiingize. Kisha tumia Compress Media iliyo kwenye File, Info, uchague 720p.

Hapa naomba usome taratibu. Ukinakili chati kutoka Excel na kuibandika kwa chaguo la Embed Workbook, hukubandika chati peke yake. Umebandika kitabu kizima cha Excel na kurasa zake zote. Kama ukurasa wa pili una mishahara, mishahara imekwenda na slaidi, na yeyote atakayelipata faili anaweza kuifungua kwa kubofya chati na kuchagua Edit Data. Bandika kama picha: Paste Special, kisha Picture. Kadhalika maelezo ya msemaji yaliyoandikwa chini ya slaidi, slaidi ulizozificha na maoni ya wenzako, vyote husafiri na faili. Kabla ya kulitoa nje ya ofisi, nenda File, Info, Check for Issues, Inspect Document, likague kisha uondoe kilichopatikana, na slaidi ulizozificha uzifute mwenyewe. Hili pia fanyia nakala, ama sivyo utafuta maelezo yako mwenyewe ya kusomea.

Kuhusu flashi: usifanye kazi ukiwa umefungua faili lililo juu ya flashi yenyewe. Ikichomoka katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika lisifunguke tena. Nakili kwenye desktop, fanya kazi, rudisha, kisha bonyeza Eject kabla ya kuchomoa. Na kama flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4 hata ikiwa na nafasi ya GB 30. Jambo hilo huwakuta zaidi wenye video ndefu. exFAT haina kikwazo hicho.

Halafu kuna kile kirusi cha njia za mkato (shortcut), ambacho steshenari na maabara za kompyuta zinakijua vizuri. Unachomeka flashi, folda zako zote zina kimshale kidogo kwenye kona, kila moja KB 1 au 2. Usibofye. Mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa tu, na vile vimshale ndivyo vinavyokiamsha kirusi. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni E, andika:

attrib -s -h -r /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Nakili mafaili yako halisi ya .pptx na .pdf peke yake, usichukue kitu chenye .lnk, .vbs wala .exe, kisha fomati flashi. Kompyuta iliyokuambukiza nayo isafishwe kwa antivirusi, vinginevyo utarudia kesho.

Kwa barua pepe, Gmail hukuruhusu kutuma kiambatisho hadi MB 25, lakini seva za ofisi nyingi zina kikomo kidogo zaidi. Kiambatisho kikisafiri hugeuzwa kuwa herufi na uzito wake hupanda kwa takriban theluthi, ndiyo maana faili la MB 16 linaweza kukataliwa na seva ya MB 20. Likizidi hapo, weka Google Drive utume kiungo, na ubadilishe Restricted iwe Anyone with the link, Viewer, la sivyo utaamka na maombi ishirini ya ruhusa. Ukirekebisha slaidi baadaye, usipakie faili jipya: bofya la zamani kwa kitufe cha kulia, tafuta Manage versions, pakia humo. Kiungo walichonacho watu kitabaki kilekile.

Anayepokea naye ana lake. Faili ulilolifungua moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe linakaa kwenye folda ya muda. Ukirekebisha kwa muda wa saa mbili na kubonyeza Ctrl+S, kazi inaweza kuhifadhiwa mahali usipopajua, au isihifadhiwe. Pakua kwanza, fungua baadaye. Kama umeshafunga bila kuhifadhi, jaribu File, Info, Manage Presentation, Recover Unsaved Presentations.

Daima beba na PDF ya slaidi hizohizo. Ndiyo inayofunguka popote, hata kwenye simu. Kumbuka tu kwamba PDF haina mwendo: kama slaidi ina vitu vitano vinavyokuja kimoja juu ya kingine, kwenye PDF vitalundikana vyote pamoja. Igawe slaidi hiyo iwe mbili au tatu kabla ya kutoa PDF. Na .ppsx, inayoanza maonyesho papo hapo ukiibofya, si kufuli. Mtu akiifungua kutokea ndani ya PowerPoint anaihariri kama kawaida.

Fika ukumbini dakika 20 kabla. Nakili faili kwenye desktop ya mashine yao, likifunguka na utepe wa njano bonyeza Enable Editing, piga F5 upitie slaidi zote mpaka ya mwisho, na ucheze kila video sauti ikiwa juu. Skrini ya projekta ikiwa tupu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate. Ukimaliza kuzungumza, futa nakala yako kwenye ile desktop na umwage na Recycle Bin.