Nilivyoingia kwenye duara la sumo nikiwa na kilo 84

Utotoni Tanga tulipigana mieleka mchangani, na aliyelazwa chali ndiye aliyeshindwa. Sumo, mieleka ya Kijapani, haina huruma hiyo. Ukigusa chini kwa kitu chochote zaidi ya nyayo, hata ncha ya kidole cha mkono, umekwisha. Kisigino kikitoka nje ya duara, umekwisha. Na duara lenyewe lina kipenyo cha mita 4.55 tu. Pambano zima mara nyingi halizidi sekunde kumi, ila sekunde hizo zimenishughulisha sasa mwaka wa nne.

Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Leicester. Asubuhi moja ya Januari nilirudi nyumbani, usingizi ukagoma, nikafungua NHK World, televisheni ya Japani, kwenye simu, nikakuta sumo. Saa za Japani zilinifaa kama nimepangiwa: majira ya baridi, wapiganaji wa daraja la juu wanapanda ulingoni kuanzia kama saa moja asubuhi ya Uingereza, na saa tatu haijafika wamemaliza. Siku ambazo hakuna matangazo ya moja kwa moja natazama muhtasari. Mashindano makuu ni sita kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Kila shindano siku 15, na kwa madaraja mawili ya juu kila siku pambano moja. Ukishinda manane, nafasi yako iko salama na kwa kawaida unapanda. Ukipoteza manane, kwa kawaida unashuka.

Aliyenivuta kwanza ni Enho, mwenye urefu wa sentimita 168 na uzito usiofika kilo 100, anayejipenyeza chini ya vifua vya watu wanaomzidi kilo 50 na zaidi. Mwaka 2023 aliumia shingo vibaya, akashuka hadi daraja la chini kabisa, kisha Julai 2024 akarudi ulingoni kuanza upya. Nilikuwa nikimwangalia huku chai inapoa.

Halafu nikagundua kwamba Mwafrika amewahi kufika huko. Osunaarashi, Mmisri, alianzia sumo ya ridhaa kwao, akaingia sumo ya kulipwa mwaka 2012, na Novemba 2013 akafika daraja la juu. Jina lake la ulingoni maana yake ni dhoruba kubwa ya mchanga. Ni Mwislamu, na Ramadhani ya mwaka 2013 iliangukia shindano la Nagoya, Julai, katikati ya joto. Alipigana akiwa amefunga. Mwaka uliofuata, hapohapo Nagoya, aliwaangusha mayokozuna wawili, yaani wenye cheo cha juu kabisa cha sumo, Kakuryu na Harumafuji, siku mbili mfululizo. Nilirudia kutazama mapambano hayo mpaka nikajikuta nimesimama katikati ya sebule, nimechutama, mikono mbele. Siku ile ndiyo nilianza kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi.

Nilipata kikundi kidogo kinachokutana Jumamosi kwenye ukumbi wa judo, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Udongo hakuna, duara ni la turubai lililotandikwa juu ya mikeka, na ukingo wake umeshonwa kwa sifongo. Mwalimu wetu ni fundi magari, Mpolandi, aliyekulia kwenye sumo ya kwao, ambako mchezo huu una watu wengi kuliko hapa. Siku ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mtu. Tulipiga shiko: unachutama, unainua mguu mmoja juu kadiri unavyoweza, unaushusha kwa kishindo, unazama tena. Mara mia. Baadaye suriashi, kutembea umechutama bila kunyanyua nyayo, huku kidole gumba cha mguu kinang'ang'ania turubai. Ngozi ya chini ya kidole ilichubuka wiki ya kwanza, ikachubuka tena ya pili, ikaja kuwa ngumu mwezi wa tatu. Kazini nilipanda ngazi kwa kushika ukuta.

Kitu kilichokuwa kinanitia wasiwasi ni mkanda, mawashi. Sisi wa ridhaa tunavaa mweupe wa turubai ya pamba, nao hauvaliki peke yako. Unakunjwa mara nne kwa marefu, unapitishwa katikati ya miguu, kisha wewe unazunguka taratibu kama pia huku mwenzako anauvuta kwa nguvu zake zote, goti lake limekita mgongoni mwako. Ukilegea umejitafutia balaa, maana ukifunguka ukabaki wazi umeshindwa. Kwa bahati nzuri, kwenye ridhaa unaruhusiwa kaptura ya kubana ndani yake. Mama aliponipigia simu ya video akaniona nimefungwa vile, alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, huo mkanda ndiyo nguo yenyewe?"

"Ndani kuna kaptura, mama."

"Haya. Usivunjike tu, baba."

Kuna tofauti nyingine na sumo ya kulipwa. Haturushi chumvi. Tunagawanywa kwa uzito, na miye niliingia chini ya kilo 85, ingawa kuna pia kundi la wazi ambako yeyote anakutana na yeyote. Na wanawake wanashindana. Ulingo wa kulipwa Japani hauwaruhusu hata kuukanyaga, jambo ambalo naliona ni kasoro kubwa ya mchezo ninaoupenda, kwa sababu dada mmoja wa kikundi chetu, kilo 65, ndiye aliyenifundisha kuingiza mkono chini ya kwapa la mtu na kumnyanyua makalio kabla hajajua kilichompata.

Shindano langu la kwanza nilipimwa asubuhi, kilo 84.2. Pambano langu lilichukua pumzi moja. Nililipuka kutoka mstarini kwa nguvu zote, kichwa chini, macho kwenye turubai. Mwenzangu akapisha kidogo, akanigonga kisogoni kwa kiganja, nikaenda chini na mikono yote miwili. Mbinu hiyo inaitwa hatakikomi. Mwalimu alinipa maji, akaniuliza, "Uliona nini?" Nikasema sikuona kitu. "Basi," akasema, "kifua chake ndicho cha kuangalia. Na miguu yako iko wapi wakati kichwa kimeshafika?"

Swali hilo nililala nalo miezi mitano. Kila Jumamosi tuliurudia mwanzo tu, tachiai: ngumi mbili chini, vuta pumzi, toka na nyonga, si na kichwa. Miguu ifuate hatua fupifupi, hata kama kifua kimegongana na ukuta wa mtu.

Oktoba 2025 sumo ya kulipwa ilikuja London, Royal Albert Hall, mara ya kwanza tangu 1991. Nilibadilishana zamu na mwenzangu nikaenda siku moja. Kwenye simu husikii ule mlio. Watu wawili wa kilo 150 wanapogongana, sauti yake ni kama mlango mzito uliopigwa na upepo, ukumbi wote unashusha pumzi kwa pamoja. Niliwatazama miguu tu. Hoshoryu, aliyetwaa ubingwa wa siku zile tano, nyayo zake zilikuwa kama zimegundishwa kwenye udongo.

Majuma sita baadaye nilipanda tena. Mpinzani alikuwa mrefu kunizidi. Nilitazama kifua chake. Tuligongana, nikausikia mkanda wake kwenye vidole vya kulia, nikazamisha nyonga, nikaanza kusogea, hatua fupi, fupi, fupi. Alijaribu kunichota mtama, sikunyanyua mguu. Kisigino chake kikavuka ukingo. Yorikiri, kumsukuma mtu nje umemshika mkanda.

Mshindi kwenye sumo hashangilii. Nilirudi upande wangu, tukainamiana, nikachutama mwamuzi anitangaze, na mikono ilikuwa inatetemeka juu ya magoti. Pambano lililofuata nilipoteza.

Mawashi haifuliwi, inaanikwa tu. Yangu inaning'inia kwenye kamba ya bafuni, bado ina mkunjo pale goti la mwalimu lilipokita.