Nilivyotoa rivabu kwenye ngoma nikaiacha kwenye kwaya ndani ya FluidSynth

Natengeneza midi (faili zenye maelekezo ya noti, siyo sauti yenyewe) za nyimbo za kwaya ili watu wajifunzie sauti zao nyumbani, zote napitisha FluidSynth, programu ya kugeuza midi kuwa sauti, maana ni ya bure na haisumbui laptop kongwe. Kilichokuwa kinanikera ni ngoma. Nikiongeza rivabu (reverb, ule mwangwi wa ukumbini) ili waimbaji wajae, na ngoma nayo inavimba, ile besi yake inaburuta mkia mpaka pigo linalofuata, nikipunguza waimbaji wanakauka kama wanaimbia kabatini.

Nikasema ngoja kwanza nijue hii kitu inafanyaje kazi. Kumbe humo ndani kwa kawaida rivabu ni moja tu, chaneli zote zinaitumia hiyo hiyo! Kila chombo kinapeleka kiasi fulani cha sauti yake huko, kwa hiyo ukigusa room size (setingi ya ukubwa wa chumba) umewagusa wote. Cha kuchezea ni kile kiasi cha kupeleka, yani CC 91, namba ya midi inayopanga rivabu ya chaneli moja moja, kuanzia 0 hadi 127.

Matoleo ya FluidSynth ya kabla ya 2.1 yalikuwa na mtambo wa rivabu unaoitwa Freeverb, na hiyo ndo rahisi kuielewa. Kuna vichujio 8 vimekaa sambamba, kila kimoja kinaishikilia sauti kidogo alafu kinairudisha ikiwa imefifia, inazunguka hivyo hivyo mpaka inakufa. Kifupi kuliko vyote kinashikilia sampuli 1116, kirefu 1617, kwa 44100 Hz (sampuli 44100 kwa sekunde) ni kama milisekunde 25 hadi 37. Namba zimepishanishwa makusudi ili marudio yasigongane, yakigongana unapata mlio wa bati, unaudhi kweli. Alafu vinafuata vingine 4 vya kuyatawanya. Room size ni kiasi kinachorudi mzungukoni, damp inakula sauti za juu kwanza. Toleo la 2.1 wakabadilisha mtambo wa ndani ila majina ya setingi yakabaki yaleyale.

Basi ngoma iko chaneli ya 10, FluidSynth inahesabu kuanzia 0 so kwenye amri inakuwa 9. Unaweza kuandika cc 9 91 0 lakini kama midi yenyewe ina CC 91 ikianza kucheza inaweka ya kwake, kwa hiyo nikairekebisha ndani ya midi. Rivabu ikapungua, haikuisha. Faili la SoundFont, lile lenye sauti za vyombo, nalo lilikuwa na kiasi chake limewekewa kwenye ngoma, na CC 91 inajumlisha juu ya hicho, haikifuti. Tena kwa kawaida ya SoundFont hata uipandishe 127 inaongeza asilimia 20 tu! Nikalifungua kwa Polyphone, programu ya kuhariri SoundFont, nikaweka rivabu 0 kwenye instrumenti na kwenye preset pia (ni ngazi mbili za ndani ya faili) maana hizo mbili zinajumlishana, nikaseivu kwa jina jingine.

Chaneli za waimbaji nikazipa CC 91 ya 127. Room size nilitamani 0.8, kwenye hedifoni ni tamu balaa, ila wanakwaya wengi wanasikilizia spika ya simu na huko mkia mrefu unaimeza alto yote, so nikaiacha 0.5 na damp 0.4.