Mnara Wangu Ndani ya Kopo la Biskuti

Nimejenga mnara wa simu. Unasajili laini, unapokea meseji, unaita, na mawimbi yake hayajatoka nje ya kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga. Hilo la mwisho ndilo ninalojivunia kuliko yote, maana karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia nisihangaike nalo.

Mimi ni fundi simu. Kilichonichokoza ni kitochi cha mzee mmoja mvuvi wa pale Deep Sea. Alikirudisha mara tatu. Mezani kwangu kinapiga vizuri, akikifikisha mbali baharini kinakufa. Mara zote tatu nilimwambia simu ni nzima, na mara zote tatu alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Nikasema basi, nitatengeneza mtandao mdogo wa mezani, wa 2G kama wa kitochi, nipime kila simu kwa kipimo kimoja.

Kaka mmoja anayejua redio akaniambia: “Tumia namba za mtandao uliopo, chomeka antena, simu zitakuja zenyewe.” Ni kweli, zitakuja. Kwenye 2G mnara humhakiki mwenye simu, lakini simu haiuhakiki mnara. Ndiyo hatari yenyewe! Simu ya jirani ingehamia kwangu na kuonyesha mistari yote imejaa, halafu usiku mtoto azidiwe, mama wa watu apige 112, aangukie kwenye kompyuta yangu isiyompeleka popote. Mwingine akanishauri niende mapango ya Amboni nikawashie humo. Humo kuna wageni na waongozaji, nao wana simu mifukoni. Masafa ya simu yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na kurusha bila leseni ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Anayetaka antena, hata ya kufika mita mbili, akaombe kibali kwanza. Mimi nilitaka waya tu, kutoka kwenye simu hadi kwenye redio, bila antena.

Kibao cha redio kinachoendeshwa na kompyuta, LimeSDR, niliagiza nje. Hadi kunifikia na ushuru wake ilikuwa laki nane na ushee, na waya na viungio sikupiga hesabu. Programu ni Osmocom, haina malipo. Nikaweka namba ya mtandao 001-01, ambayo imetengwa kwa majaribio, na laini za kuandikwa upya zenye namba hiyo hiyo. Laini nyingine yoyote inakataliwa.

Usidhani waya hauna hatari. Kitochi kwenye 900 MHz kinaweza kurusha hadi wati 2, na upande wa pili kuna kibao kilichoumbwa kusikia mnong’ono. Ukiviunganisha moja kwa moja umeunguza pesa yako. Katikati niliweka vipunguza nguvu viwili vya desibeli 30 kila kimoja. Kwa pamoja wimbi linashuka mara milioni moja. Kile cha upande wa simu kiwe kinachohimili wati 2.

Lakini bodi ya simu nayo huvuja hata ikiwa na waya, kwa hiyo lazima ifungiwe. Hapo nikachukua kopo la biskuti ambalo mama huwekea nyuzi. Nikatia ndani simu yenye laini ya kawaida, nikafunika, nikaipigia. Ikaita humo humo! Nikafunika kwa nguvu, ikaita. Nikaweka tofali juu, ikaita. Siku mbili nzima. Jioni ya pili nikapitisha ukucha kwenye mdomo wa kopo na kuona utando wa rangi umebanduka: kopo limepakwa rangi, na mfuniko umepakwa rangi, kwa hiyo bati halikutani na bati. Nikakwangua ukingo wote kwa msasa mpaka ukang’aa, na ndani ya mfuniko vilevile. Ikaita tena, ila kwa kusitasita. Kumbe sasa ni tundu nililotoboa kupitisha waya. Mawimbi yalikuwa yanapanda juu ya ganda la waya na kuingia nao. Nikatoa waya, nikafunga kiungio cha shaba kilichobanwa kwenye bati lenyewe kwa nati, nikazungushia utepe wa alumini. Nikapiga. “Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.” Sijawahi kufurahi kuisikia sauti ile kama siku hiyo.

Mama alikuwa mlangoni. “Mwanangu, nyuzi zangu umezipeleka wapi?” Nikamnunulia kopo jingine.

Kibao nacho kikaingia kwenye kasha lake la alumini. Kabla ya kuendelea nilizunguka kibanda chote na simu nyingine, nikitafuta mitandao kwa mkono. Ikitokea 001-01 kwenye orodha, nazima. Haikutokea.

Kilichobaki kunisumbua ni saa ya kibao, yaani kristali ndogo inayopanga masafa yake. Mnara wa kweli hauruhusiwi kukosea masafa zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni, yaani hetsi 45 kwenye 900 MHz. Wangu ulikuwa nje kwa zaidi ya hetsi 700, na kibaya zaidi ulikuwa unatembea: simu inaushika, dakika moja baadaye inaupoteza. Nilibadilisha mipangilio mpaka nikachoka. Kisha nikagundua unapotea kila feni inapogeukia mezani! Upepo unapoza kristali, masafa yanasogea. Nikakata kipande cha sifongo ya godoro, kidogo kama punje ya korosho, nikaifunika kristali peke yake. Nikaacha nusu saa ipate joto lake, halafu nikalinganisha na mlio wa kupimia unaotolewa na minara ya kweli. Huo ni mlio tu, mazungumzo ya watu hayaguswi. Nikasahihisha, ikatulia.

Nikatuma meseji kutoka kwenye kompyuta. Kopo likanguruma juu ya meza.

Kisha nikaweka kitochi cha yule mzee kwenye waya ule ule, baada ya kupima kitochi kizima. Kilikuwa kinasikia mnara vizuri kabisa, ila kurusha kwake kulikuwa chini kwa desibeli 14, yaani nguvu pungufu mara ishirini na tano hivi. Ufukweni kinatosha, baharini mnara haukisikii. Nikabadilisha IC ya kurushia, kile kidude cha kwenye bodi kinachoipa sauti ya simu nguvu, nikapima tena, vikalingana. Sikumtoza kitu.

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, simu yangu ikaita. Nikasikia maji yakigonga ubavu wa ngalawa kabla hajasema neno. “Fundi,” akasema, “ufukwe siuoni, nawe nakusikia.”