Rimu za Fit kwenye Vitz: matundu manne hayatoshi

Mwenye Vitz akiona rimu za sporti za Honda Fit zinauzwa, jambo la kwanza huhesabu matundu ya bolti: manne kwa manne. Akipima kutoka katikati ya tundu moja hadi la mkabala wake, anapata milimita 100, sawasawa na Toyota yake. Hapo wengi hutoa pesa, na hapo kazi haijafika hata nusu.

Tazama tundu la kati. Habu ya Vitz, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hukalia, ina milimita 54.1, rimu ya Honda imetobolewa 56.1. Itaingia vizuri tu, lakini haikai katikati kwa uhakika, na ukifika kilomita 80 kwa saa kwenye njia ya Nungwi, Unguja, usukani unaanza kutetemeka. Utaambiwa ni balansi, vitabandikwa vipande vipya vya risasi vya kusawazisha uzito, na mtetemo utabaki palepale. Dawa yake ni pete nne za kujazia pengo, nje 56.1, ndani 54.1. Za alumini zinaonekana imara, ila kwa gari ndogo za visiwani chukua za plastiki. Alumini ikikutana na chuma cha habu katika hewa hii ya chumvi, hugandana, na siku ya pancha tairi halitoki. Kinyume chake, rimu za Vitz haziingii kabisa kwenye Fit, na asikudanganye mtu kuzichonga.

Sasa nati, ambazo ndizo zinazoangusha tairi. Rimu iliyotoka kiwandani Honda ina kikalio cha nati cha mviringo kama kijiko. Nati za rimu za chuma za Toyota zina ncha ya pia, yaani iliyochongoka. Ukizikaza humo zinagusa mstari mwembamba tu. Unahisi zimekaza, kisha baada ya matuta ya siku mbili tatu zinalegea. Bahati nzuri bolti za magari yote mawili ni 12×1.5 (unene milimita 12, na milimita 1.5 kutoka jino hadi jino), kwa hiyo nunua rimu pamoja na nati zake za Honda. Rimu za makampuni mengine kwa kawaida hutaka ncha ya pia, na tundu lao la kati mara nyingi ni 67 au 73, basi pete ni za kipimo hicho. Suzuki, Nissan na Subaru wanatumia 12×1.25: nati ya Toyota huingia mizunguko miwili, inakwama, na anayelazimisha kwa mashine ya upepo anakula meno ya bolti.

Kwa matundu matano, pima katikati ya matundu mawili yanayofuatana: milimita 58.8 ni 5×100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100), 65.8 ni 5×112, 67.2 ni 5×114.3. Rimu ya Mercedes ya 5×112 haifai kwenye Toyota Noah, ambayo ni ya 5×114.3, na fundi anayetanua matundu kwa keekee mkatalie. Bolti zitavutwa upande mpaka zikatike.

Upana nao una hesabu yake. J ni upana wa rimu kwa inchi, ET ni milimita ambazo uso unaokalia habu uko nje ya katikati ya rimu. Ukitoka 5.5J ET45 kwenda 7J ET35, rimu inatoka nje milimita 29 na kuingia ndani 9. Huko nje itakula madigadi, ndani itagusa shokapu. Tairi nalo: gari iliyokuja na 175/65R14 (upana milimita 175, ukuta asilimia 65 ya upana, rimu ya inchi 14) ipe 185/55R15, kimo cha tairi zima kinabaki karibu kilekile, milimita 584. Ukiipa 185/65R15 kinapanda hadi 621, na mshale wa mwendo ukisema 50 unakwenda 53.

Kufunga: sugua habu kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Grisi paka kidogo kwenye mdomo wa habu tu, kwenye bolti usipake. Anza kila nati kwa mkono. Ikiwa haipati angalau mizunguko minane, bolti ni fupi kwa rimu hiyo. Zungusha tairi usikilize kama linagusa kalipa ya breki. Kaza kwa kuvuka mkabala, shusha jeki, malizia kwa Nm 103, kipimo cha nguvu ya kukazia. Kwa spana ya nusu mita hiyo ni sawa na kusukuma kwa kilo 21. Mtu wa kilo 70 akiipanda anazidisha mara tatu. Kisha pakia watu nyuma, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili na upite tuta taratibu.

Kaza tena baada ya kilomita 100: mjini hadi Nungwi na kurudi, au kwa Pemba, Chake hadi Wete mara mbili kwenda na kurudi.

Tairi la akiba bado ni la chuma cha Toyota, na nati za Honda hazilikalii. Weka nati nne za zamani kwenye buti, pamoja na spana ya 19. Iliyokuja na gari ni 21, na kwenye nati za Honda itazunguka bure.