Siku Maalim Alipoilaza Bakora

Kila ifikapo tarehe 23 Septemba hukumbushwa sote kuwa siku kama hiyo, mwaka 1964, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alitangaza elimu bila ya malipo Unguja na Pemba. Naiheshimu siku hiyo kwa dhati, maana bila ya tangazo lile mama yangu asingelijua kusoma. Mwaka huu, hotuba ilipokuwa ikisomwa redioni, fikra zangu zilikwenda kwa maalim wetu wa hesabu na alasiri moja ya msimu wa karafuu.

Wale wa mkondo wa mchana, yaani zamu ya pili ya skuli kwa siku, mnajua tulivyokuwa tukiingia. Skuli zilifunguliwa kwa wote, watoto wakaja, vyumba visiongezeke kwa kasi ya watoto, na mikondo miwili ikawa dawa ya muda iliyodumu miaka na miaka. Upande wetu wa Wete, Pemba, msimu ulipochanganya, wengi wetu tulikuwa tumeshapanda mikarafuu tangu alfajiri, kwa sababu pishi za karafuu ndizo zilizonunua daftari na viatu, na usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa jamvini tukichambua. Juu ya hayo tulikuwa kidato cha kwanza, mwaka ambao hesabu tulizozisoma kwa Kiswahili tangu utotoni zilitugeukia Kiingereza bila ya daraja la kuvukia.

Siku hiyo maalim alirudisha daftari za jaribio. Aliliweka fungu mezani, akataka waliopata chini ya nusu wasimame, na karibu darasa zima likasimama. Utaratibu tuliujua: mkono mbele, kiganja juu, usirudishe. Wa kwanza alikuwa msichana wa dawati la mbele, ambaye vidole vyake vilipiga weusi wa karafuu kama vyetu sote. Maalim alinyanyua bakora, na mkono wake ukabaki juu. Nilikuwa dawati la pili; niliona jasho likimtiririka kutoka chini ya kofia hadi shingoni, nikaona kuwa ile bakora inatikisika, na kuwa yule msichana ameshafumba macho akingojea. Muda ukapita. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Kisha akaishusha, akailaza juu ya daftari zetu, akakaa kwenye ukingo wa dawati la mbele, mahali ambapo sikuwahi kumwona mwalimu yeyote akikaa, akauliza kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake: "Nani kala leo?"

Mikono michache ilinyanyuka. Yule msichana, ambaye wake ulikuwa bado umenyooka kungojea bakora, akamuuliza: "Na wewe, maalim?"

Tulidhani atakasirika. Alimtazama kidogo, akasema yuko darasani tangu saa moja asubuhi, kwamba hesabu za mikondo yote miwili anasomesha yeye peke yake, na kwamba chai yake imepoa ofisini bila ya kuonjwa. Akaongeza: "Hata mimi kitabu hiki nakisoma usiku, ndiyo nije nikusomesheni mchana." Akasimama, akafuta ubao, akaianza sura nzima upya kwa Kiswahili, na mimi, ambaye kwa wiki kadhaa nilikuwa nikinakili herufi bila ya kujua zimesimama badala ya nini, nilielewa siku ile.

Wiki iliyofuata bakora ilirudi. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa ukitusubiri, na matokeo yetu ndiyo aliyokuwa akihukumiwa nayo. Katika skuli nzima hapakuwa na mtu ambaye mwalimu angeweza kumwendea akamwambia nimechoka, kama ambavyo hapakuwa na wa kuambiwa na mwanafunzi kuwa ana njaa. Siamini hata leo kuwa uchovu unampa mtu mzima ruhusa ya kumpiga mtoto. Ila kila nikisikia mjadala wa kumlinda mwanafunzi ukifanywa bila ya kutajwa aliyesimama mbele yake tangu asubuhi, huona kuwa nusu ya jambo imeachwa nje. Skuli za ghorofa zinajengwa sasa, Unguja na Pemba, na nafurahi kwa moyo wote ninapoona watoto wakiingia asubuhi na kutoka mchana. Natamani tu tuwe na bidii hiyohiyo katika kuuliza idadi ya vipindi anavyobeba mwalimu mmoja, lugha anayolazimika kuitumia, na kama yeye na wanafunzi wake wametia kitu tumboni.

Nilikutana naye baadaye Chake Chake, kwenye hitima ya jamaa yetu, akiwa ameshastaafu. Nilimsimulia siku ile, naye akanisikiliza kwa adabu yake ya kawaida, kisha akasema haikumbuki, kwa kuwa siku za namna hiyo zilikuwa nyingi na hawezi kujua ni ipi. Aliyemkumbuka ni yule msichana. Akaniuliza aliishia wapi. Nikamwambia kuwa skuli yake ilimalizikia kidato cha pili.

"Ni hesabu?" akauliza.

Nikamjibu kuwa yalikuwa masomo mengi, na hesabu ni miongoni mwake.