Mpira wa baba mkubwa

Jumapili usiku, Temeke.

Mama mkubwa amepiga simu kusema mzee sasa anakwenda haja ndogo vizuri, bila damu. Alizunguka sana kabla ya kufika hapo, maana mimi ni mtoto kwake na mambo hayo hayasemwi mbele ya watoto, hata wenye mvi.

Mzee alilazwa kwa tezi dume. Mkojo ulikuwa umeziba kabisa, tumbo limejaa, na kwa hali ile mpira wa mkojo, ule mrija wa kuutoa kibofuni, unaokoa maisha, sibishi. Nesi wa usiku alikuwa peke yake na wodi iliyofurika hadi kwenye korido. Akauingiza harakaharaka. Mzee akapiga ukelele ulioamsha vitanda vya jirani. "Vumilia baba, ni kawaida." Kwenye mfuko wa mkojo ikaingia damu, mkojo hamna.

Kesho yake daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo alinichorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Karibu na ncha ya mpira kuna puto dogo. Linajazwa maji, mara nyingi mililita 10, ili mpira usichomoke, na mahali pake ni ndani ya kibofu. Njia ya mkojo ya mwanamke ina sentimita 4 hivi. Ya mwanamume inakaribia 20, inapinda, halafu inapita katikati ya tezi. Tezi ikivimba, mpira unaweza kukwama njiani. Ukijaza puto hapohapo, unachana njia. Kwa hiyo mwanamume husukumiwa mpira mpaka karibu na panda yake, pale unapogawanyika upande wa nje, mkojo unasubiriwa utoke, ndipo puto linajazwa, na akilalamika maumivu wakati huo, unaacha. Ukelele wa mzee ulikuwa taarifa kamili. Wodi nzima iliuona kuwa ni uoga.

Daktari alipitisha waya kwa msaada wa kamera, mpira mwingine ukafuata juu yake. Damu ikakoma baada ya muda. Sasa tunaogopa kovu: palipochanika pakipona panaweza kubana njia, na mtu anaanza kukojoa uzi mwembamba miezi kadhaa baadaye, wakati hospitali ilishasahaulika.

Lakini nesi simlaumu sana. Kuoneana haya kwetu kunanisumbua zaidi. Kila nikimuuliza mzee, "Hamna neno, mwanangu." Mimi siwezi kumfunua, binti yake ndiyo kabisa. Aliyeweza ni mjukuu, kwa ule utani wao wa kugombea bibi. "Babu, hebu nikague mali za mke wangu." Akainua shuka. Kumbe mfuko ulifungwa kwenye chuma cha kitanda, na mzee kila akijigeuza mpira unamvuta; ncha ya uume ilishaanza kidonda. Mpira ulitakiwa ubanwe kwa plasta pajani, ulegee kidogo. Kazi ya dakika moja, tena ya plasta.

Kitanda cha pili alikuwepo mzee wa kiharusi aliyechanganyikiwa, akauchomoa wake puto likiwa limejaa. Sitaki kuandika zaidi kuhusu usiku ule.

Jambo jingine nililojifunza pale: kwa kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuota kwenye mkojo ni kama asilimia 3 hadi 7. Mfuko ukilala sakafuni au ukiinuliwa juu ya kibofu, mambo yanazidi. Na bado niliona wagonjwa wanaobaki nao kwa kuwa tu hakuna wa kuwabadilishia shuka. Nilianza kumuuliza daktari kila raundi kama wa mzee bado unahitajika. Alikunja uso mwanzoni, baadaye akawa anajibu kabla sijafungua mdomo.

Alhamisi ana kliniki ya kupimwa kasi ya mkojo. Atampeleka mjukuu, ndiye anayeambiwa ukweli. Mimi nitalipa bajaji.