Nilivyopata nafasi ya kuingia Notre-Dame

Wiki tatu kabla ya safari ya Paris nilikuwa nahangaika mtandaoni na kalenda ya kuweka miadi ya kuingia Notre-Dame, kanisa kuu la huko: kila siku imefungwa. Nikajua nafasi zimeisha. Kumbe nafasi hutolewa siku mbili tu kabla, na mimi nilikuwa nabisha hodi mapema mno! Nilipofika nikakesha hadi saa sita usiku, saa za huko, nikafungua ukurasa upya, zikatokea. Nikachukua ya saa tatu asubuhi. Kuingia kanisani ni bure, kwa hiyo anayekuuzia tiketi ya mlangoni anakula hela yako. Mwenzangu alikosa, akapanga foleni ya wasio na miadi Alhamisi, siku wanayofunga saa nne usiku. Naye akaingia. Paa liliteketea 2019, lakini mawe ya ndani sasa ni meupe pe.